Aliyekataa Kuchua Siri

Habari ilinikuta Ijumaa asubuhi nikianika sare zangu kwenye kamba ya chumbani kwetu, katika makazi ya wafanyakazi ya Muhaisnah, huku ugenini kwa Waarabu. Ilikuja kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa binti wa Shangazi, aliyeko Tanga. "Mama mdogo, mama ametutoka alfajiri. Tunamzika leo baada ya sala ya Ijumaa." Basi, hayo tu. Niliusikiliza tena ule ujumbe, si kwa kuwa sikuuelewa, bali nilitaka kujua kama mwisho wake ulikuwa wa maumivu. Binti hakusema, nami sikuwa na moyo wa kuuliza. Nilikaa kitandani, nikaiangalia chupa iliyo dirishani, ile aliyoniachia alipoondoka. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja katika hoteli moja kule Al Garhoud, hatukumwita kwa jina lake. Sisi wa Kenya, wao wa Tanzania, hata wale wa Uganda, wote tulimwita Shangazi.

Wasomaji wangu mliowahi kusafisha vyumba vya hoteli hamhitaji kuelezwa michubuko hutoka wapi. Troli hukugonga ugoko, godoro hukutegua kifundo cha mkono, na sakafu ya bafu yenye sabuni haijui wewe ni nani. Shangazi alikuwa na dawa ya kuchua ya Kichina, nyekundu iliyoiva kama chai ya rangi, ndani ya chupa isiyo na karatasi ya jina. Aliipata kwa bibi mmoja wa Kichina ambaye binti yake alikuwa na duka la vitambaa huko Deira, mahali Shangazi alipofanya kazi kabla ya kuja kwetu. Siku moja aliteleza ngazini na robota la kitambaa. Yule bibi akamkalisha kwenye kigoda, akampasha goti kwa viganja, akamchua mpaka uvimbe ukalegea. Lugha waliyoelewana ilikuwa neno moja tu la Kiarabu, "yalla", yaani haya twende, na lilitosha. Baadaye bibi alimwonyesha mtungi ambamo mizizi na magome hulowekwa ndani ya pombe kali kwa miezi, akamfundisha kwa ishara: pasha mikono kwanza, usikandamize, na usiweke kamwe penye kidonda. Kila chupa ilipokwisha, Shangazi alirudi Deira ikajazwa.

Ilinukia kafuri na pombe, na wasichana walimtania sana kwa hilo. "Shangazi, wewe na swala zako tano, leo umetulewesha chumba kizima!" Naye huku akichua hujibu, "Ngozi hailewi, mwanangu. Kinacholewa ni mdomo, na wako umeshaanza." Akimaliza alinawa kwa sabuni hadi viwiko kabla ya kutandika mswala. Lakini harufu ile ni ngumu, haiondoki kwa sabuni ya mara moja. Ndiyo iliyomponza.

Alikuja msichana kutoka Kericho, mwembamba, mcheshi, bado yumo kwenye muda wa majaribio. Akaanguka akisugua bafu, ubavu wake ukapiga ukingo. Aliificha ajali hiyo. Kabla yake kulikuwa na mwingine aliyeumia mgongo akiwa kwenye majaribio, na hatukumwona tena ila siku ya kufunga begi. Basi kila asubuhi kabla ya basi la kampuni kufika, Shangazi alimchua. "Aki Shangazi, polepole hapo." "Vumilia, mwanangu." "Nitavumilia, lakini usiniambie nikaseme ofisini. Watanirudisha nyumbani, na kule hakuna kitu."

Kabla ya zamu huwa tunapanga mstari koridoni, msimamizi akipita kukagua nywele, kucha na viatu. Asubuhi hiyo alifika kwa Shangazi, akamwambia anyooshe mikono. Akainama, akanusa, akainua uso polepole.

"Umekunywa?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajutia kicheko chake.

"Hapana, madam. Ni dawa ya kuchua."

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Basi ni dawa ya nani?"

"Ya mtu aliyeumia. Jina lake sitalitaja mimi."

Mnajua mji huu. Kunuka pombe kazini kunatosha kukupotezea kazi, na kazi ikienda, visa inaifuata. Binti wa Shangazi wakati huo alikuwa bado shuleni, akimtegemea yeye. Neno moja tu lingemwokoa, na mwenye neno hilo alikuwa amesimama kando yake. Shangazi hakumtazama hata kidogo, asije akamwonyesha kwa macho. Akaongozwa ofisini. Mlango haujafungwa, yule msichana akatoka mbio mstarini. "Madam, ni mimi! Mwache Shangazi. Mimi ndiye nilianguka."

Kliniki waliona ufa kwenye mfupa wa ubavu. Shangazi alirudishwa kazini mchana huohuo. Msichana alipewa mapumziko, na muda wa majaribio ulipokwisha hakupewa mkataba. Siku ya kuondoka yeye ndiye aliyembembeleza mkubwa wake: "Usilie, Shangazi. Ningenyamaza, ungeenda wewe." Shangazi alikuja kuniambia la moyoni siku nyingi baadaye, tukikunja mashuka. "Nilikuwa nachua mfupa uliopasuka. Anauma meno, mimi namwambia vumilia. Dawa haina kosa. Mimi ndiye niliyeipa kazi isiyo yake."

Tangu hapo alibadilika. Ukimjia na uvimbe, alikuuliza kwanza, "Umesema?" Ukijibu bado, aliiacha chupa dirishani. "Vaa viatu. Twende tukaseme, nisimame nawe. Mimi sichui siri." Wengi walimnung'unikia. Wakasema Shangazi siku hizi ni polisi wa madam. Wapo walionunua marhamu yao na kujipaka chooni.

Wahenga walituachia usemi kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni kweli, lakini nadhani waliousema hawakuishi kwa visa iliyo mkononi mwa kafeel, yaani mwajiri mdhamini. Hapa mtu hafichi ugonjwa kwa ujinga. Anaficha kwa sababu ameona yaliyompata aliyesema. Shangazi alilijua hilo kuliko wote, ndiyo maana hakumtuma mtu peke yake. Nami sitawadanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Wako waliorudishwa hata baada ya yeye kusimama nao. Ila wengine walipewa mapumziko wakabaki, na ikafika wakati msimamizi, akimwona Shangazi anakuja na mtu, huuliza tu, "Leo nani?"

Halafu ikaja zamu yake. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akawa anapumzika kila baada ya chumba kimoja. Mkataba wake ulikuwa karibu kuhuishwa. Tulimsihi anyamaze mpaka atie saini. Akanijibu, "Nikinyamaza, nitakuwa nimewadanganya wote niliowavisha viatu." Asubuhi yake, mstarini, alisogea mbele mwenyewe. "Madam, leo ni mimi." Daktari akasema ni moyo. Mkataba haukuhuishwa. Alifunga begi lake kwa utulivu, akaniachia chupa. "Kwetu kuna mafuta ya nazi," alisema, "nayo hayaulizwi maswali."

Nimewaza sana wiki hii kama alikosea. Angenyamaza, angepata mshahara wa muda kidogo zaidi, na pengine angedondoka kwenye bafu la mgeni. Amefia kwake, mikononi mwa binti yake. Siwezi kusema ni faida, kwa maana kifo hakina faida. Nilichojifunza ni kwamba dawa ya Mchina huondoa uvimbe, lakini hofu haiondoki kwa kuchuliwa. Hofu hupungua mtu mwingine akisimama kando yako.

Jumapili baada ya maziko aligonga mlango mwenzetu wa chumba jirani, mkono wake umevimba kifundoni. "Dada, nasikia chupa ya Shangazi iko kwako." Nikaifungua, na harufu ya kafuri ikajaa chumba. Kafuri ileile ambayo bila shaka walimwoshea mwili huko Tanga kabla ya kumzika. Nikaurudisha mfuniko.

"Umesema?"

"Bado, dada. Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Vaa viatu," nikamwambia, nami nikainama kutafuta vyangu.