Ufa Kwenye Silinda ya Tatu

Kwa miezi kadhaa gari letu lilikuwa likinywa maji, na hakuna aliyeweza kuniambia maji hayo yalikuwa yakienda wapi. Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni nilifungua kifuniko cha rejeta na kuongeza karibu lita moja. Nililala chini ya gari na tochi ya simu nikitafuta tone, lakini chini kulikuwa kukavu. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikidhani labda yanaingia huko. Oili ilikuwa nyeusi kama kawaida, haikuwa na ule utandu wa rangi ya maziwa ambao watu waliniambia niutafute.

Ni gari la zamani la dizeli, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mume wangu alilinunua kwenye shamba moja la kahawa huko Mbozi, wenyewe walipokuwa wakipunguza magari. Yeye anakaa Ivuna zaidi ya nusu ya mwaka, kwenye mpunga na ng'ombe wetu. Mimi nafundisha fizikia sekondari hapa Tunduma. Mvua zikianza, bila gari hilo hatuonani mpaka barabara ya bondeni ikauke.

Fundi wa kwanza, wa Mlowo, alitoa temostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, akaitupa, akisema kwamba nchi za joto hazihitaji kitu kile. Mwezi wa sita sisi huku tunavaa makoti asubuhi, lakini sikubisha. Fundi wa pili alibadilisha rejeta nzima. Maji yakaendelea kupotea. Mume wangu akanipigia simu akasema, "Tuliuze kama vipuri, mama. Limeshazeeka." Nilimjibu kwamba nitaliuza nikishajua maji yanakwenda wapi. Akacheka, akidhani natania.

Shule zilipofungwa nikalipeleka kwa fundi wa tatu. Huyu ni mzee wa Kinamwanga, amevuka miaka sitini, na gereji yake iko nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Kazi alijifunzia upande wa Zambia, na maneno ya huko bado yamechanganyika na Kiswahili chake. Mwanamke yeyote mzima kwake ni "mayo", yaani mama.

Aliniambia niliache gari lipoe usiku kucha hapo gerejini. Asubuhi yake aliliwasha, akahesabu kimoyomoyo kama dakika moja, kisha akaushika mpira mkubwa unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Akanivuta mkono na kuuweka palepale.

"Unasikia nini, mayo?"

"Baridi," nilisema.

"Na nini tena?"

Niliubonyeza. Ulikuwa mgumu kama gurudumu lililojazwa upepo.

"Maji bado ya baridi," akasema, "lakini mpira umeshavimba. Sasa niambie wewe mwalimu, kinachousukuma ni nini?"

Nilisimama pale na kiganja changu juu ya mpira, na kwa mara ya kwanza tangu tatizo lianze nilifurahi. Kama maji hayajapata joto, hayawezi kutanuka kiasi hicho. Kitu kingine kilikuwa kinaingia ndani yake kwa nguvu, na kitu pekee chenye nguvu namna ile ndani ya injini ni moshi wa silinda wakati dizeli inapolipuka. Kwa hiyo palikuwa na njia. Moshi ulipita kwenda kwenye maji, na injini ikizimwa, maji yalirudi kwa njia ileile kwenda kwenye silinda, kisha asubuhi yakatoka kwenye bomba la moshi kama mvuke mweupe. Ndiyo maana chini kulikuwa kukavu.

"Ni gasketi au ni hedi," alisema. Hedi ni kile kipande kizito cha chuma kinachokaa juu ya silinda na kuzifunika, na gasketi ni karatasi ngumu inayokaa kati ya hedi na silinda. "Hatutajua mpaka tufungue."

Nikamwomba nifanye naye kazi. Nilikuwa na likizo ya wiki nne, na nimefundisha kutanuka kwa chuma miaka mingi kwa mpira mdogo wa chuma na pete yake, bila kuona kunakotumika. Alinitazama viatu, akaniambia nikavae vingine.

"Na nikiwa nahesabu bolti usiniulize kitu," aliongeza. "Ukiniuliza, naanza upya."

Tulifungua siku nzima. Bolti zililegezwa kidogo kidogo, kuanzia pembeni kuja katikati, na kila moja aliichomeka kwenye kipande cha boksi alichokitoboa matundu kwa mpangilio uleule wa injini, ili kila kitu kirudi kwake. Zile fito nyembamba zinazosukuma valvu nazo zikapata matundu yao. Kisha tukashika hedi, yeye mbele mimi nyuma, tukainyanyua. Ilikuwa nzito kuliko gunia lolote nililowahi kushika.

Pistoni zilikuwa nne. Tatu zilikuwa nyeusi kwa masizi. Ya tatu kutoka mbele ilikuwa safi kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Mvuke umeiosha," alisema fundi kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuta alichokitafuta. "Maji yako yalikuwa yanakwenda hapo."

Gasketi ilikuwa nzima. Tukaigeuza hedi juu ya meza, tukaisugua mpaka chuma kikang'aa. Kwa macho sikuona chochote. Alipaka mafuta ya taa kwa brashi sehemu ya silinda ya tatu, akasubiri, akafuta kwa kitambaa kikavu. Kisha akauliza kama ninatembea na chaki. Mkoba wangu haukosi chaki. Akaisaga kwa vidole, akanyunyiza unga wake, tukainama wote wawili.

Katikati ya valvu mbili mstari ulianza kujichora wenyewe. Mafuta ya taa yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanapanda na kulowesha chaki. Mstari ulikuwa mwembamba kuliko unywele, ukatoka kwenye valvu moja mpaka nyingine, ukakata kona kidogo. Niliutazama ukikua kama wanafunzi wangu wanavyotazama jaribio likikubali.

"Hili gari liliwahi kuchemka sana?" aliuliza.

Nilimwambia ndiyo, mara moja, tukipandisha kutoka bondeni na magunia ya mpunga.

"Mkafanya nini?"

Sikutaka kujibu. Siku ile nilikuwa naendesha peke yangu. Mshale wa joto uligonga mwisho, nikasimama, na nikaogopa kubaki pale jua likizama. Palikuwa na kijito karibu. Nilichota maji kwa dumu nikayamimina kwenye rejeta wakati injini bado inaunguruma kwa joto, na nikasikia ndani yake sauti kavu, kama mtu amekanyaga kijiti. Sikumwambia mume wangu. Kila mwaka ninawaambia watoto wa kidato cha pili kwamba glasi ya moto ikitiwa maji baridi inapasuka, na ninawaeleza kwa nini.

Nilimsimulia fundi yote hayo. Hakunicheka. Alisema tu, "Sasa tunajua mpaka siku ufa ulipoanza," akaenda kunawa mikono.

Jioni nikampigia mume wangu nikamwambia vilevile. Akasema, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unaogopa kuliuza." Sikuwa nimeliona hivyo. Alisema tutafute hedi nyingine.

Fundi hakutaka ya kuchomelea. Alisema hedi ya chuma cha aina ile ukiichomelea hapa inapasuka pale. Hakutaka pia iliyotolewa kwenye gari bovu, maana hakuna ajuaye imeshachemka mara ngapi. Mpya ikaagizwa Dar es Salaam ije kwa basi. Tulisubiri siku nne, na muda huo tulisafisha matundu ya bolti kwenye injini, moja moja, kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya na pampu ya baiskeli. Nilimuuliza kwa nini tunahangaika na matundu. Akasema oili ikibaki chini ya tundu, bolti inagota kwenye oili, na wewe unadhani imebana. "Bolti inakudanganya," alisema. Alipofunga temostati mpya hakusema neno juu ya fundi wa Mlowo.

Kitabu cha gari tulichokirithi kutoka shambani kiko kwa Kiingereza. Nilimsomea kwamba bolti za hedi zibanwe kwa mizunguko mitatu, kuanzia katikati kwenda nje, na kwamba mzunguko wa mwisho una kipimo chake.

"Mizunguko naijua," alisema. "Kipimo kiko hapa." Akanionyesha kiganja.

Nilitaka kujua kiganja kinajua kiasi gani. Nilimuuliza kwa udadisi, na nadhani alilielewa hivyo, maana alikaa kidogo kisha akasema twende kwa jirani. Jirani ni mwenye malori, Mwislamu kutoka mikoa ya pwani, na ana ile spana ndefu ya kupimia, ambayo hulia ikifikia nguvu uliyoipangia. Alituazima kwa sharti kwamba na yeye aje kuangalia.

Fundi alibana bolti zote kwa mkono wake, mizunguko mitatu. Kisha nikapanga spana kwenye namba ya kitabu, naye akapita bolti moja moja. Ya kwanza, spana ililia bila bolti kusogea. Ya pili hivyo hivyo. Ya kumi, ya kumi na moja. Mwenye malori akasema, "Mashallah, mzee, huu mkono wako ni mashine." Mimi nilikuwa nimekwisha kushangaa.

Tulipofika bolti nne za nyuma kabisa, karibu na ukuta unaotenga injini na viti, bolti ilizunguka. Ikaendelea kuzunguka karibu robo nzima kabla spana haijalia. Na iliyofuata pia. Zote nne.

Mwenye malori alijikohoza, akasema ana wateja, akaondoka. Fundi aliiweka spana juu ya mabati na kukaa kwenye tairi.

"Hili bega," alisema baadaye, akilishika la kulia. "Nilianguka kwenye lori miaka ile. Kule nyuma hakuna nafasi, kwa hiyo navuta kwa kushoto. Sikujua mkono wa kushoto unasikia tofauti."

Nilisema gari letu liko salama sasa.

"La kwako, ndiyo," alijibu. "Nafikiria niliyofunga tangu niumie."

Nilikuwa nimeleta kile kipimo kwa ajili ya kujua tu, na sasa kilikuwa kimemkalia yeye begani.

Siku iliyofuata gari lilikuwa tayari. Tuliliwasha asubuhi likiwa la baridi, na jambo la kwanza tulilofanya wote wawili ni kupeleka mkono kwenye ule mpira. Ulikuwa laini. Tukaamua kulijaribu kwenye milima ya kwenda Itumba. Mimi naendesha, yeye kando yangu na dumu la maji miguuni, macho kwenye mshale. Ulipanda mpaka katikati ukakaa hapo, kwenye kila mlima.

Njiani ndipo aliponiambia kuhusu mtu mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambaye gari lake lilirudi gerejini mara mbili na gasketi imeungua upande wa nyuma. "Mara zote mbili nilimgombeza," alisema. "Nilimwambia haangalii joto. Aliomba msamaha."

Tulifika Itumba, tukanywa chai mbele ya ofisi za wilaya tukisubiri injini ipoe, na rejeta haikupungua hata kidogo.

Baada ya wiki moja nilirudi bolti zikaguliwe tena, kama kitabu kinavyotaka. Gereji ilikuwa imefungwa. Mwenye malori akaniambia mzee amevuka tangu asubuhi na amechukua ile spana. Nilisubiri. Alirudi saa tisa, mikono myeusi, amechoka, lakini anatembea kwa wepesi.

"Yule wa Nakonde alisema nini?" nilimuuliza.

"Alinitazama sana. Nilimwambia kosa lilikuwa langu mara zote mbili. Akamwita mke wake ili nirudie mbele yake, maana mkewe alikuwa anamlaumu yeye." Alitabasamu kidogo. "Nikarudia. Halafu nikamfungulia boneti, nikabana zile nne za nyuma. Zilizunguka, mayo. Zote."

Alivua koti, tukafungua gari letu. Bolti za nyuma hazikusogea safari hii. Alipokuwa anafuta mikono aliniuliza swali alilosema amelibeba tangu siku ile ya chaki. Maji yanaingilia mbele ya injini, kwa hiyo silinda ya nne ndiyo inayochelewa kupozwa. Mbona ufa ulikuwa kwenye ya tatu?

Nilifikiri juu ya njia za maji ndani ya chuma, juu ya unene wa kuta, juu ya yale maji ya kijito yalivyoingia. Nilichora kwenye vumbi la meza yake, nikafuta, nikachora tena. Mwishowe nikamwambia sijui.

"Hata mimi," alisema. Ile hedi ya zamani ilikuwa bado kwenye kona. Alileta msumeno wa chuma, akaiburuta mpaka kwenye mwanga, akaniambia nishike upande ule wa pili, tuikate tuone ndani.