Korongo wa Mbele

Nichekeni tu, nami nimeshajicheka. Kwenye harusi ya Eleni, Mgiriki ninayelea naye wazee hapa Peckham, walicheza ngoma ya korongo: watu hushikana mikono kwa mstari, wakaiga kila afanyalo wa mbele. Alinieleza kuwa jina la kale la ndege huyo ndilo lililozaa jina la ua la jeranium, maana tunda lake limechongoka kama mdomo wa korongo.

“Ongoza, Mwanaisha, tutakufuata popote!” akaniambia bibi harusi.

Kwetu Lamu mgeni hakatai heshima, nikashika mbele. Lakini haja ilinibana, na kwetu mchezaji huchomoka, ngoma ikaendelea. Nikachomoka kimyakimya hadi chooni, nikainama kuchungulia chini ya mlango. Kugeuka nyuma, naona harusi nzima imeshikana mikono, imeinama.

“Kuna mtu!” akafoka meneja wetu wa kazini kutoka ndani.