Mjomba Ambaye Jina Lake Halikuitwa

Hadi leo nikikutana na harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile inayowasha pua na kutoa machozi, miguu yangu hupunguza mwendo. Nyumba yetu ya Al Mankhool, Dubai, ilinuka hivyo tangu Mjomba Wafula alipokuja kuishi nasi, na mama alilalamika kwamba hata chapati zake zimeanza kuwa na ladha ya dawa.

Wafula ni mdogo wake mama. Alitoka Bungoma kwenda Marekani kusoma, akiwa mchezaji wa raga, na huko wakamfundisha mpira wao ule wa kubebwa mikononi, wa helmeti na mabega ya plastiki. Kazi yake ilikuwa kuzuia: mwenye mpira akija, amwangushe. Shuleni nilijigamba kwamba mjomba wangu ni mlinzi Marekani. Kwa kuwa baba naye alikuwa mlinzi wa hoteli kule Al Barsha, wenzangu walidhani ukoo wetu mzima unalinda mageti.

Nakumbuka usiku ule timu kubwa za Marekani zilipokuwa zikichagua vijana wapya. Sebule ilijaa Wakenya, wengine bado wamevaa sare za kazi. Majina yakasomwa kwenye televisheni, yakasomwa, chai ikapoa. La Wafula halikuja. Mama aliingia jikoni akafungua bomba la maji ili tusimsikie akilia.

Simu ikalia kabla wageni hawajavaa viatu. "Dada, usilie," mjomba alisema. "Kuna timu imeniambia niende tu hivyo hivyo, nijaribu."

Akaenda hivyo hivyo. Walimweka, wakamwacha, timu nyingine ikamchukua, nayo ikamwacha. Misimu ikapita, na mara chache aliingizwa uwanjani kweli kweli, nasi tukapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha goti likaharibika. Akaja kwetu na begi moja na chupa zake za dawa.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, yeye na baba walikaa kwenye roshani. Mimi nilikuwa nachora sakafuni karibu yao.

"Shemeji," baba akauliza, "hao watu wakitaka kukuacha, wanakwambiaje?"

"Mtu anakugusa bega asubuhi. Anasema kocha anakuita. Basi, umekwisha. Kila siku nilikuwa napita kando ya ukuta, bega lisiguswe."

"Sisi hapa, bosi akianza kukuita 'sir', ujue tikiti yako ya kurudi Kenya imeshakatwa."

Wakatazamana, wakacheka mpaka baba akashika tumbo. Nami nikacheka, maana niliamini wanataniana.

Walikuwa bado wanafuta machozi simu ya mjomba ilipolia. Timu fulani ilikuwa imepungukiwa na walinzi; ilimtaka arudi ajaribiwe. Mama alikuja akasimama mlangoni. Mjomba alisikiliza muda mrefu, mkono mmoja juu ya goti. Kisha akajibu kwa Kiingereza cha adabu kwamba anashukuru sana, ila hatakuja.

"Khalas," akatuambia kwa Kiarabu, yaani basi, imekwisha, taratibu, kama mtu anayeonja neno.

Mimi nililia. Nilimwona mtu aliyeshindwa, nikawaza nitawaambia nini wenzangu darasani. Baba hakumpa pole. Alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama watu wanavyomshika bwana harusi, nami nikaona ni ukatili.

Sasa na mimi nimeajiriwa kwa mkataba, na najua jinsi mtu anavyohesabu siku mwaka unapokaribia kuisha na ofisini hakuna anayemwambia kama mkataba utaongezwa. Nimejua pia kwa nini wale wawili walicheka vile: wote waliishi wakingoja siku ya kuambiwa waondoke. Miaka yote, tangu siku jina lake liliporukwa, watu wengine ndio waliokuwa na kauli ya mwisho juu ya Wafula: akae au aondoke. Mchana ule, kwa mara ya kwanza, aliyesema ni yeye. Baba, ambaye hajawahi kupata nafasi hiyo, alikuwa anampongeza.