Barua Niliyotaka Kupeleka Korti

Mwanangu Nekesa, siku niliyomsomea senge barua yangu ya korti naikumbuka yote. Senge ni dada wa baba yangu, na kwetu Bungoma ndoa ikivunjika yeye ndiye huketi katikati. Sina mvi, lakini haya yamenikuta, kwa hivyo sikiliza.

Nilikuwa nimemwacha baba yako Kitale, kwenye shamba la mzungu alikoendesha trekta, kwa sababu alioa mke wa pili bila hata kuniambia. Hasira hasara, tulifundishwa. Mimi hasira ilinifikisha kwetu bila viatu, wewe mgongoni. Kisha watu wake wakaja kukudai. Ati ng'ombe wa mahari walitolewa, mtoto ni wao. Nikaandika kurasa nne za kuwashtaki. Si nilikuwa nimesoma sekondari?

Kabla sijazipeleka, senge akatuketisha sote kwa baba yangu, baba yako na watu wake wakiwepo, akaniambia nisome. Yeye hakujua hata herufi moja. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, watu wa pande zote mbili wakitazama chini.

"Umeandika vizuri, mama," akaniambia. "Mwanamume nimemsikia. Yule mke mwingine nimemsikia, mpaka na meno yake. Nekesa yuko ukurasa gani?"

Nikapekua. Mwanangu, hukuwamo.

Baba yako akacheka. Senge akamgeukia. "Wewe unayecheka, bwana trekta. Huyo mtoto unayemtaka, huwa anaumwa nini?"

Nilingoja aaibike. Hakuaibika.

"Kifua," akasema polepole. "Mahindi yakianza kupukuchuliwa, vumbi likipanda, anakohoa mpaka anatapika. Nilikuwa namfunika na koti langu."

"Na Kitale mahindi ni kidogo?"

"Ni mengi, mama." Akatazama mikono yake. "Wakati wa mavuno akae huku."

"Na wakati mwingine?" Hilo aliniuliza mimi. Nilitaka kusema asikuone kamwe. Lakini lile koti halikuwa uongo, nililiona kwa macho yangu. Nikasema utakaa nami, na mahindi yakiwa bado mabichi shambani, aje akuchukue ukamtembelee. Watu wake wakakubali. Nani angebisha, na mwenyewe ameshasema?

Ndoa haikupona. Baba yako sijamsamehe, na sitajifanya. Lakini yule mama asiyejua kusoma namweka juu ya walimu wangu wote. Penye wazee haliharibiki neno, na mimi nililiona likiokolewa.

Sikwambii korti ni mbaya. Ukipigwa, nenda, usingoje mtu. Lakini mkiwa bado mnaweza kuketi pamoja, tafuteni mtu ambaye nyote wawili mnamwogopa kidogo. Na kabla hujaanza kutaja makosa ya mume, sema habari za mtoto.

Mungu akujalie nyumba isiyohitaji senge, mwanangu. Na ikihitaji, akupe kama wangu.