Bakuli la Sayansi Ukweni

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka: mimi, mwenye cheti cha masomo ya jioni nilichokitundika juu ya televisheni, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba ng'ambo wameacha kuchoma vyungu, kwamba siku hizi wanachukua unga wa udongo, wanautia matone ya maji na siki, wanaubana, na chombo kinatoka kigumu kuliko jiwe bila hata njiti ya kiberiti kuwashwa. Niliona kwenye simu (nusu ya video, bando likaisha).

Basi siku ya kujitambulisha kwa kina Asha, binti niliyetaka kumuoa, kule Ujiji, ilipokaribia, nikaona haya ndiyo maarifa ya kumnyamazisha mama yake, ambaye alishamkataa mchumba mmoja kwa kumtazama viatu tu. Wenzangu wanapeleka vitenge, mimi nipeleke bakuli la sayansi! Nikatwanga udongo, nikauchekecha, nikaenda gereji kwa rafiki yangu Sudi, tukaubana kwenye vyuma kwa jeki ya lori mpaka mishipa ya shingo ikatutoka.

"Hamisi, hili hata kiboko akilikanyaga ataumia yeye," Sudi akaniapia.

Nikalipaka vanishi nje tu (ndani nilihofia kuharibu ladha), likang'aa utadhani limetoka ikulu.

Ukweni lilipokelewa kwa vigelegele. Mama mkwe akasema chombo cha mkwe kizinduliwe leo leo, akalijaza mchuzi wa samaki aina ya migebuka uliokuwa bado unatokota, akaliweka mkekani mbele ya baba mdogo wa Asha, mzee mwenye kanzu nyeupe ya kuumiza macho, naye akaanza dua. Jamani, dua ile ilianzia kwa mababu, ikapita Kagunga, ikavuka mpaka Kongo kuwaombea ndugu wa kule, na mimi jicho moja wazi naona mchuzi unageuka rangi, ukingo unalegea, bakuli linakaa chini polepole kama mgonjwa. "Amina" ikakuta tope limetapakaa, na mgebuka mmoja umelala juu ya kanzu.

Mama mkwe akaniangalia.

"Baba, sisi tumewatoa samaki ziwani, wewe umewaletea ziwa lao?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, mimi natafuta viatu vyangu kwa macho, nikijua mke ndiyo nimeshamkosa. Baba mdogo akamtoa yule samaki kanzuni kwa vidole viwili.

"Washenga waje Ijumaa," akasema. "Vyombo tunavyo."

Asha, ambaye anafundisha kemia sekondari, alinisindikiza mpaka barabarani akijifuta machozi ya kucheka.

"Njia hiyo ipo kweli, Hamisi," akaniambia. "Lakini ni ya unga maalumu wa maabara, mashine yake inabana kuliko jeki mara nyingi sana, na hata hivyo joto kidogo mara nyingi wanatia. Udongo wa kufinyangia usipouchoma, ukipata maji unarudi kuwa tope."