Kuonja Chumvi

Nikikaanga senene, wale panzi wetu watamu, jikoni kwangu hapa Bukoba, ile harufu ya mafuta yao ikipanda tu, namwona bibi yangu amesimama mlangoni na sahani mkononi.

Enzi hizo, kwetu Kamachumu, mwanamke alikamata senene, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, halafu akampelekea mumewe. Yeye hakula. Ulikuwa mwiko.

Jumapili moja mchana tulikuwa sebuleni tukitazama vichekesho kwenye televisheni. Wachekeshaji wale hawakukariri maneno, walitunga papo hapo. Mume alidai firigisi yake, mke akamjibu huku akitafuna, "Nilikuwa naonja chumvi." Hata yule mume wa kwenye televisheni alishindwa kujizuia, akacheka. Babu naye alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Ndipo bibi akaingia na senene. Hakuiweka sahani mezani. Alichukua mmoja, akamtia mdomoni, akatafuna taratibu, sote tukimsikia.

"Wewe!" babu akasema. "Unafanya nini?"

"Naonja chumvi, mzee."

Tukamgeukia babu. Angegomba vipi, na machozi ya kicheko bado yako mashavuni? Akakohoa.

"Haya. Imekolea?"

"Bado sijajua," bibi akasema, akakaa, akaipakata sahani, akachota konzi nzima.

Sasa hivi mume wangu anauliza kutoka sebuleni kama senene wameiva. Siwezi kumjibu, mdomo umejaa.