Papa wa Mama na Kwera wa Dirishani

Harufu ya rangi mbichi hunirudisha Yeoville, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika, kwenye chumba chetu cha ghorofa ya pili, majira ya kuchipua nilipokuwa na miaka tisa. Baba alikipaka rangi kwa sababu mama alikuwa anakuja kutoka Tanga. Mama alikuwa amesema atakitazama kwanza. Kisipomridhisha atarudi kwao, nami nitarudi naye. Nje ya dirisha kwera dume, ndege wa manjano mwenye uso mweusi, alikuwa akisuka kiota cha majani mabichi. Jike alikuja, akaingia, akatoka, akaenda zake. Dume akakifumua kiota jani baada ya jani, akaanza upya. Jirani yetu Mkongomani, Mama Furaha, msusi wa nywele, aliyaona hayo kutoka mlangoni petu.

"Shemeji," akamwambia baba, "wewe na yule ndege, wanawake watawakataa wote wawili."

Baba alitabasamu, akachovya brashi. Mimi sikucheka. Usingizini niliona chumba chetu kikining'inia mtini, chepesi, kikiyumba bila sauti.

Mama alifika na vipande vya papa mkavu ndani ya gazeti. Akaniambia huyo ni papa nyundo. Nikamuuliza kiota chake huwa wapi.

"Hana nyumba huyo. Akishazaa anakwenda zake, watoto wanaogelea wenyewe."

Nikaogopa zaidi. Kwera jike huikataa nyumba. Papa haihitaji kabisa. Nilimfuata mama kwa macho alipokuwa akipapasa ukuta, akifungua dirisha, akilifunga, na baba amesimama kama mgeni kwake mwenyewe. Hatimaye mama akauliza, "Beseni liko wapi?"

Akajaza maji, akavilaza humo vile vipande. Papa mkavu hapikwi siku hiyo hiyo. Hulala majini usiku kucha atoke chumvi. Aliyemloweka amekwisha kuamua kesho atakula wapi. Baba aliketi polepole juu ya kopo la rangi.

Baadaye nilijisomea, kwa vitabu vya kuazima. Papa nyundo hubeba watoto wake tumboni kwa miezi mingi. Pengine nyumba yake ni mwili wake. Kwera dume naye husuka viota vingi katika msimu mmoja, vingi visikaliwe. Sasa ninaishi Randburg, upande mwingine wa jiji lile lile. Baba hayupo tena duniani, na mama amebaki peke yake kwenye chumba kile cha Yeoville. Mwaka huu nilimwandalia mama chumba kwangu ahamie, rangi nikapaka mwenyewe. Alikuja Jumapili, akausifu mwanga wake, akanywa chai taratibu, kisha akaniomba nimrudishe Yeoville kabla ya magharibi.